Wikendi ya kutembea Kinder na Mam Tor bila gari: mwongozo kamili kwa kundi

Treni ya kutoka Sheffield huingia kwenye handaki la Totley, gizani kwa karibu kilomita 6, na ikitokea upande wa pili mji umekwisha. Ni bonde la kijani, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kondoo, na juu kabisa ukingo mweusi wa nyika. Nusu saa na kidogo tangu kuondoka mjini mnashuka Edale. Hakuna aliyeshika usukani, hakuna aliyezunguka kutafuta maegesho, na chapati za dada aliyeamka alfajiri zimeshamalizwa na behewa zima.

Nimekuwa nikikusanya Waswahili wa Sheffield, Manchester na miji ya jirani kwa matembezi haya ya siku mbili kwa miaka kadhaa sasa. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza aanzie wapi.

Kwanza, mahali penyewe. Edale ni kijiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Kaskazini mwa kijiji kumeinuka Kinder Scout, mita 636, na juu yake si kilele bali uwanda mpana wa nyika: vichaka vigumu vinavyofika magotini, nyasi, maji yaliyotuama, na udongo wa piti, yaani mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka mpaka ikawa kitu cheusi, laini, kizito, ambacho sehemu nyingine kina chake kinazidi kimo cha mtu. Aliyepanda Kilimanjaro na kuvuka ule ukanda wa vichaka ulio juu ya msitu ataitambua hali hii mara moja: upepo, ukungu unaokuja bila hodi, na ukimya. Tofauti ni kwamba huku unaifikia kwa treni ya kawaida na saa mbili za miguu.

Na treni hiyo ina historia yake. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda Kinder kutokea kijiji cha Hayfield. Wakati ule nyika yote ilikuwa ya matajiri waliofuga ndege wa kuwindwa, na askari wao wa mashamba walifukuza yeyote aliyekanyaga. Vijana wale walikanyaga kwa makusudi. Watu 5 walifungwa, kati ya miezi 2 na 6. Mmoja wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20 tu, akapewa miezi 4. Haki ya kutembea kwenye nyika ya wazi ilikuja kuandikwa katika sheria ya mwaka 2000. Watu hawa hawakuwa na magari. Walikuwa na Jumapili moja ya mapumziko na nauli ya treni au baiskeli. Kila mgeni anayeniuliza kama "watu kama sisi" tuna ruhusa ya kutembea huko, humsimulia hadithi hii kabla ya jambo lingine lolote.

Tarehe

Msianze na hosteli, anzeni na mwanga. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni kunabaki mwanga mpaka saa tatu na nusu usiku na zaidi. Kwa kundi lenye wageni, chagueni kati ya Mei na mwanzo wa Septemba. Mei na Juni nyika ina vishada vyeupe kama pamba iliyochambuliwa vinavyopepea juu ya maji. Katikati ya Agosti vichaka vyote huchanua zambarau, mlima mzima, na hapo ndipo ninapopenda kumpeleka mtu mara ya kwanza. Msimu wa baridi una uzuri wake, kuna sungura wa milimani wanaogeuka weupe, lakini huo ni wakati wa waliokwisha kuzoea.

Mkishapata tarehe mbili au tatu, mtazame ratiba ya treni za Jumapili kwa tarehe hizo. Matengenezo ya reli hufanyika zaidi wikendi, na siku hizo treni hubadilishwa kuwa mabasi. Jambo hili pekee limewahi kunifanya nihamishe safari nzima wiki moja mbele.

Kiongozi

Uwanda wa Kinder unapoteza watu, hata wenye uzoefu. Ukungu ukishuka kila mfereji wa piti unafanana na mwenzake, na njia uliyokuwa unaiona huisha miguuni pako. Kwa hiyo kundi liwe na mtu anayejua kusoma ramani na dira, ambaye ameshaupita mzunguko huo kwa miguu yake mwenyewe.

Mnaweza kumlipa kiongozi. Mtafuteni mwenye cheti kinachoitwa Hill and Moorland Leader, ambacho kimetungwa hasa kwa ardhi ya namna hii, na muulizeni mambo matatu: ana bima, amesomea huduma ya kwanza, na mara ya mwisho alipita njia hiyo lini. Njia nyingine ni kujiunga na matembezi ya vikundi vya hiari. Chama cha Ramblers, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina vikundi karibu kila mji na viongozi wake wanajitolea. Wapo pia Muslim Hikers, na Black Girls Hike iliyoanza mwaka 2019, ambako mgeni hakai pembeni akijihisi wa kuazimwa. Nendeni na mojawapo mara mbili tatu ndipo mtengeneze safari yenu.

Nami nasisitiza: kiongozi ni mmoja. Kundi letu lina wazee na watu wenye vyeo vyao, na mzee akisema "tupite hapa, ni karibu," ni vigumu kumkatalia. Semeni mapema, mbele ya wote, kwamba mlimani neno la kiongozi ndilo la mwisho, hata kama kiongozi ni binti wa miaka 25. Wazee wakiambiwa hivyo stesheni, kwa heshima, hulipokea vizuri. Wakiambiwa juu kwenye upepo, ni ugomvi.

Kundi, na mtu wa nyuma

Watu 8 mpaka 12 wanatosha. Wakizidi hapo, kila geti na kila ngazi ya kuvukia ukuta inakula dakika 5.

Teueni mtu wa nyuma. Kazi yake ni kuwa wa mwisho siku nzima, bila kumpita yeyote. Msimpe kijana mwenye miguu myepesi, ataonekana anamsukuma mwenzake. Mpeni mtu mpole mwenye maneno, anayeweza kutembea na shangazi anayehema huku akimsimulia habari za harusi, ili shangazi asijue kwamba amebaki nyuma. Kiongozi naye akifika mahali pa kupumzika asiondoke mtu wa nyuma anapowasili. Ni kosa linalofanywa kila siku: wa mbele wamepumzika dakika 10, wa nyuma anafika tu, wote wanainuka. Yule aliyechoka kuliko wote ndiye hakupumzika kabisa. Hesabuni dakika 5 kuanzia alipoketi wa mwisho.

Wachoraji wa ratiba hupenda kuhesabu kilomita 5 kwa saa, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda, kanuni ya Mskoti mmoja aitwaye Naismith ya mwaka 1892. Kwa kundi la mazungumzo, picha na chai, mimi huhesabu kilomita 3 kwa saa, naongeza dakika 45 za kupanda na saa nzima ya chakula na swala. Sijawahi kujuta.

Treni

Njia inaitwa Hope Valley. Inaunganisha Sheffield na Manchester, na treni zinazosimama vijijini hupita takriban kila saa. Kuweni waangalifu: treni za haraka za njia hiyohiyo hazisimami Edale, na ukipanda hiyo utauona mlima dirishani ukipita. Kutoka Manchester Piccadilly ni chini ya saa moja. Anayetoka London apande St Pancras mpaka Sheffield, kama saa mbili, kisha abadilishe.

Kadi za punguzo za reli hukata theluthi ya nauli, na ipo ya watu wawili wanaosafiri pamoja, kwa hiyo wana ndoa na marafiki waungane. Kaunta waulizeni punguzo la kundi. Muhimu ni tiketi ya kurudi: Jumamosi mnaanzia Edale lakini Jumapili mnamalizia Hope, stesheni inayofuata upande wa Sheffield. Anayetoka Manchester akate ya kwenda na kurudi mpaka Hope na ashuke njiani Edale. Hakikisheni kaunta kwamba tiketi yenu inaruhusu hivyo.

Na hapa ndipo kukosa gari kunakuwa neema. Mwenye gari lazima alirudie mahali alipoliacha. Nyinyi mnavuka mgongo wa mlima na kushukia bonde jingine, mgongoni mna kila kitu, na jioni mnapanda treni mbele ya safari.

Malazi na chakula

Edale ina hosteli ya YHA, kilomita chache mashariki mwa stesheni, na viwanja vya kupiga hema kijijini. Castleton, upande wa pili wa mgongo wa mlima, ina hosteli nyingine kubwa katika nyumba ya zamani ya Losehill Hall. Wekeni nafasi miezi mitatu kabla, na ulizeni kama jiko la wageni lipo wazi. Kundi letu hupika. Tunagawana: mmoja analeta mchele, mwingine nyama halali iliyokwisha kukatwa na kugandishwa, mwingine viungo. Kijijini hakuna duka kubwa wala bucha yenu, kwa hiyo kila kitu kinunuliwe mjini. Pilau ya Jumamosi usiku, baada ya saa saba za upepo, watu wanaikumbuka kuliko mlima.

Kiasi cha begi kisizidi kile unachoweza kupanda nacho ngazi nne za nyumba bila kusimama. Siku ya Jumamosi mizigo mikubwa inabaki hosteli, ila Jumapili mnabeba vyote, kwa hiyo anayekuja na sanduku la magurudumu mrudisheni nalo nyumbani.

Mavazi

Wengi wetu hukosea hapa, na kosa lenyewe ni jinzi. Jinzi ikilowa haikauki na inavuta joto lote la mwili. Suruali nyepesi ya mazoezi, hata ya bei ya chini, ni bora. Juu vaeni nguo tatu nyembamba badala ya sweta moja zito, ili muweze kuvua mkipanda na kuvaa mkisimama, na ya nje iwe koti la mvua la kweli. Buti ziwe zimeshavaliwa wiki tatu mjini. Soksi za sufu jozi mbili, moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Kofia na glavu hata Julai. Akina mama wanaovaa baibui: fupisheni mpaka kwenye kifundo cha mguu au vaeni suruali pana na kanzu fupi juu yake, kwa sababu piti hushika upindo na hauachii.

Kila mtu awe na lita 1.5 za maji (ya kijito msinywe, kondoo wako juu yake), filimbi, tochi ya kichwani na chakula cha ziada. Chupa za chai ziwe tatu kwa kundi zima, zibebwe kwa zamu. Chai ya maziwa yenye tangawizi juu ya Kinder haina mfano.

Jumamosi: ukingo wa kusini wa Kinder

Kama kilomita 14, na zaidi ya mita 400 za kupanda. Tokeni stesheni saa tatu na nusu asubuhi, baada ya kila mtu kwenda msalani kwenye vyoo vya umma karibu na stesheni, maana huko juu hakuna.

Pandeni kijijini mpaka baa ya Old Nags Head. Hapo ndipo inapoanza Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita zaidi ya 400 inayokwenda mpaka Uskoti, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1965. Ifuateni kupita malisho hadi Upper Booth. Sehemu hii ni tambarare na watu watataka kukimbia, wazuieni. Kila geti mlilolikuta limefungwa mlifunge.

Baada ya shamba la mwisho kuna daraja dogo la mawe lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, na mbele yake ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder. Husimuliwa kwamba mkulima mmoja wa karne ya 18, Jacob Marshall, alizichonga ili yeye apande moja kwa moja huku farasi wake akizunguka polepole kwa njia ndefu. Pumzikeni darajani, vueni sweta, kisha pandeni hatua fupifupi, mkiweza kuongea. Asiyeweza kumaliza sentensi anakwenda kasi mno. Ni dakika 30 hivi za jasho, na ndizo ngumu kuliko zote za siku.

Juu geukeni kaskazini kuelekea Kinder Low, mita 633. Mtakanyaga mabamba mapana ya mawe yaliyolazwa kuokoa piti. Mengi ya namna hii kwenye Pennine Way yaling'olewa kwenye sakafu za viwanda vya zamani vya nguo. Inameni mtazame pembeni mwa bamba. Pale penye kuvumwani ya kijani, ikamueni kwa vidole viwili: inatoa maji kama sifongo. Kuvumwani hiyo ndiyo inayojenga piti, na moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield uliiua kwa zaidi ya karne. Tangu mwaka 2003 mradi uitwao Moors for the Future umekuwa ukiziba mifereji kwa mawe na kuipanda upya kwa mkono. Bamba moja pembeni, mguu wa mtu aliyetoka njiani kupiga picha umezama mpaka gotini, na ukivutwa unatoa sauti ya busu. Kwa hiyo baki njiani, kwa faida yako na ya mlima.

Kutoka Kinder Low rudini kwenye ukingo na mfuate mashariki, bonde likiwa kuliani daima. Msiingie katikati ya uwanda. Mtapita Noe Stool, Pym Chair, kisha Wool Packs, miamba mikubwa ya mviringo iliyosuguliwa na upepo mpaka ikafanana na marobota ya sufu yaliyomwagwa kutoka melini. Hapa tunakula, upande usio na upepo. Hapa pia wanaoswali huswali adhuhuri. Kutoka huku kibla ni kusini-mashariki, na dira ya kiongozi inaionyesha.

Msiwashe moto wala jiko. Piti ikikauka inashika na kuungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Kuanzia Machi 1 mpaka Julai 31, wenye mbwa wawafunge kamba fupi, kwani ndege hutaga chini.

Mkivuka kijito cha Crowden, zungukeni hadi Grindslow Knoll, mita 601, mshuke Edale. Mteremko huu ni mkali, magoti yatalia. Fimbo mbili zinasaidia, na mtu wa nyuma awe macho zaidi sasa kuliko asubuhi, maana watu huanguka wakishuka.

Jumapili: kwa mama, kisha Hope

Kama kilomita 12. Kutoka Edale pandeni kusini hadi Hollins Cross. Kabla Edale haijapata kanisa lake, maiti walipitishwa hapa mabegani kwenda kuzikwa upande wa pili wa mgongo, na njia bado inaitwa ya majeneza. Kuliani kuna Mam Tor, mita 517. Jina lake maana yake ni kilima mama, na Waswahili hawahitaji kutafsiriwa. Kinaitwa hivyo kwa kuwa ubavu wake unaporomoka na kuzaa vilima vidogo chini yake. Barabara iliyojengwa chini ya ubavu huo ilikarabatiwa mara nyingi, mwisho ikaachwa mwaka 1979, na lami yake iliyokunjamana inaonekana mpaka leo.

Rudini Hollins Cross na mfuate mgongo mashariki: Back Tor, kisha Lose Hill, mita 476. Kipande cha juu kinaitwa Ward's Piece, kwa heshima ya G.H.B. Ward wa Sheffield, aliyewaongoza wafanyakazi wa mji huo kwenye nyika hizi kuanzia mwaka 1900. Alizawadiwa ardhi hiyo mwaka 1945, naye akaitoa kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya kale, ili iwe ya wote. Someni jina lake kwa sauti mkiwa pale.

Mteremko wa kwenda kijiji cha Hope ni wa upole. Stesheni iko mbele ya kijiji, kilomita moja hivi; wekeni dakika 20 za ziada juu ya hesabu yenu.

Mambo yakienda vibaya

Simu hukamata kwa shida bondeni. Kabla ya safari, kila mtu atume neno "register" kwenda 999 ili aweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti isipopita. Mtu akiumia: pigeni 999, ombeni polisi, kisha Mountain Rescue. Ni watu wa kujitolea na hawadai malipo. Filimbi ya dharura ni milio 6, kimya dakika 1, kisha tena. Mvalisheni majeruhi nguo zote za ziada kabla hamjapiga simu ya pili. Ramani ya karatasi ni OL1 ya Ordnance Survey, ikae mkononi mwa kiongozi, na nakala kwa mtu wa nyuma.

Ukungu ukiwakuta Kinder Low, kiongozi akisema turudi, mnarudi. Jacob's Ladder ipo nyuma yenu na chai itanywewa darajani.

Jioni ya Jumapili pale Hope kuna majukwaa mawili yanayotazamana, moja la Sheffield, jingine la Manchester. Kundi linagawanyika hapo. Gawaneni chakula kilichobaki kabla ya kuvuka daraja, kwa sababu baada ya hapo mtakuwa mnaagana kwa kupaza sauti ng'ambo ya reli, buti zimejaa matope, mpaka treni ya kwanza iingie katikati yenu.